Nimevujisha siri ya mwanafunzi, sasa hakuna anayenijia. Narekebishaje?

Mwalimu wa Pembeni:
Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha Jiografia shule moja ya kata kandokando ya Ziwa Victoria, mkoa wa Mara. Mwaka jana kwenye kikao cha walimu nikakabidhiwa malezi na ushauri nasaha. Sikusomea, nilipewa kwa kuwa eti ni mpole. Kamati ya nidhamu nilikuwemo tangu zamani na sikutolewa, kwa hiyo asubuhi nachapa wachelewaji, saa nane nakaa ofisini kusubiri waje wanieleze ya moyoni.

Kuna kijana wa Kidato cha Tatu, analala darasani mpaka udenda unamtoka. Ameshachapwa mara kadhaa, mojawapo na mimi. Siku moja akaja mwenyewe. Akaniambia usiku anaingia ziwani kuvua dagaa. Baba hayupo, mama anaumwa miguu, wadogo zake watatu wanakula kwa mgao wake. "Mwalimu, usimwambie mtu." Nikaitikia.

Kesho yake kwenye chai nikamgusia mwenzangu mmoja. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka apunguziwe fimbo. Ijumaa mstarini mwalimu wa nidhamu akamwita mbele: "Mvuvi wetu, leo umetuletea kitoweo?" Shule nzima ikacheka. Leo ni siku ya 9 hajaonekana. Na wengine waliokuwa wakija hawaji tena, hata wale wa kulia Hesabu tu.

Matusi nitayapokea, ila naomba na ushauri.

Kibuyu Tupu:
Siri ya mtoto umeila na andazi. Haya, endelea kunywa chai.

Mstaafu wa Chaki:
Mwanangu, pole. Kwanza mfuate. Usimtume kiranja wala usimwandikie mzazi barua, nenda mwenyewe ukamwombe radhi. Najua kwetu mkubwa kumwambia mtoto "nimekukosea" ni kazi, lakini ahadi ilikuwa yako.

Halafu hiyo ofisi. Kama mlango wake unatazamana na ofisi ya walimu, anayeingia ameshapewa jina kabla hajakaa. Mimi nilikuwa namwita mwanafunzi anibebee madaftari au anihesabie karatasi za majaribio. Anahesabu, huku anaongea. Akinyamaza, namwacha ahesabu. Hakuna aliyewahi kuuliza anafanya nini kwangu.

Na fimbo iweke chini. Mwombe mkuu wa shule akutoe kwenye nidhamu.

Nyundo:
Mnadekeza watoto. Sisi tulichapwa na tukafaulu. Ushauri nasaha ni mambo ya kuigaiga.

Mstaafu wa Chaki:
Nyundo, kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi 4, achape mkuu wa shule au aliyempa idhini, kwa kosa kubwa, na viandikwe kwenye daftari. Usingizi wa mtoto aliyekesha majini umeuweka kwenye kosa gani?

Dada wa Ustawi:
Nafanya kazi ustawi wa jamii, halmashauri nyingine. Mwalimu, kosa lako lilianza kabla ya chai, pale ulipoitikia. Mtoto akisema usimwambie mtu, mjibu kabla hajaendelea: "Nitatunza, isipokuwa nikisikia kuna anayekuumiza au unataka kujiumiza. Hapo nitamwambia anayeweza kusaidia, na wewe utamjua kwanza." Baadhi watanyamaza. Watarudi wiki ijayo.

Hili la kwako lilistahili kufika kwa mtu, ila si mezani pa chai. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa sheria hiyo mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Muone ofisa ustawi wa kata yenu. Kama hayupo, piga 116, ni bure. Na uliza serikali ya kijiji kama kaya ile imo TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini.

Mtoto wa Mwalo:
Nimekulia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, nimevua nikiwa Kidato cha Pili, ngoja niseme. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika. Chukua daftari la mahudhurio uliweke pembeni ya kalenda ya mwezi. Utaona huyo kijana anakuja lini, na utaona hayuko peke yake.

Msikimbilie kumkamatia tajiri wake, mwenye mtumbwi, polisi. Mtoto atahamishiwa kisiwani na hamtamwona tena. Anza na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, yeye anajua kila anayepanda mtumbwi. Mlipieni basi hata chakula cha mchana hapo shuleni, maana mimi nilirudi darasani kwa sababu ya makande.

Mama Wawili:
Samahani natoka nje ya mada, binti yangu anajaza selform, fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tano, ana B ya Baiolojia na D ya Fizikia, achague PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia)?

Kibuyu Tupu:
CBG. Sasa fungua uzi wako mama.

Mwalimu wa Pembeni:
Mrejesho. Daftari nimeliangalia. Wako watano, utoro wao unafuatana na giza kama walikubaliana. Nimefundisha awamu za mwezi ubaoni miaka sita na sikuwahi kuliona hilo.

Jumamosi nilimkuta anaanika dagaa. Swali lake la kwanza: "Umekuja na nani?" Nikamwambia peke yangu. Nikamwomba radhi huku nikigeuza dagaa naye, maana macho kwa macho nilishindwa. Hakusema amenisamehe. Alisema mwalimu wa nidhamu akiendelea kumwita mvuvi hatarudi. Nikamwambia pia kwamba suala la usiku nitalipeleka kwa ofisa ustawi, na kwamba yeye atakuwepo. Akanyamaza, kisha akauliza kama mama yake atasumbuliwa.

BMU naenda Jumanne. Nimekwama kwa mkuu wa shule tu: namwambiaje anitoe kwenye nidhamu bila mwalimu wa nidhamu kuona nimemshitaki?

Mstaafu wa Chaki:
Kwani hujamshitaki? Nenda kwake kwanza, kabla ya mkuu. Usiende saa ya chai.