Thomas Muir: tumtaje kwa hesabu tu, au na ya Cape?

Mleta mada: Wakuu, huyu Mskoti alifundisha hesabu Glasgow, akaandika majalada manne ya historia ya detaminanti, yaani namba moja inayokokotolewa kutoka jedwali la namba; la mbili kwa mbili ni ad − bc. Mwaka 1892 Cecil Rhodes, waziri mkuu wa Cape wakati huo, akamchukua kuwa mkuu wa elimu koloni la Cape, Afrika Kusini, akakaa hadi 1915. Sheria ya bodi za shule ya 1905 ikamlazimisha mtoto wa Kizungu kusoma. Mwafrika na chotara wakaachwa nje. Tunapomtaja darasani, tuishie kwenye hesabu?

Mwalimu wa Hesabu: Tuishie hapo. ad − bc haina rangi. Hata jina la radiani, kile kipimo cha pembe, Muir aliliwaza tangu 1869. Mnaoingiza siasa humu wengi mlikimbia hesabu kidato cha pili.

Mama Moshi: Nani alikimbia? Mimi nilichapwa mbele ya darasa zima kwa sababu kwenye hiyo ad − bc yako niliandika jumlisha badala ya kutoa. Dharau zenu ndizo zinawachukiza watoto hesabu.

Mwalimu wa Hesabu: Dada, usinibebeshe fimbo ya mtu mwingine. Njoo usimame mbele ya watoto 80, vitabu vya kugawana, ndipo uniambie habari za dharau.

Kijana wa Tanga: Kwani hiyo sheria si ya Verwoerd, yule wa siasa za ubaguzi wa makaburu?

Mzee wa Kumbukumbu: Angalia miaka, mdogo wangu. Ile ya Verwoerd, ya elimu ya Bantu yaani Waafrika, ni 1953, Muir alishafariki 1934. Na 1905 waziri mkuu wa Cape alikuwa Jameson, bunge ndilo lililopitisha. Muir alikuwa mtumishi tu.

Mleta mada: Mtumishi gani anashika elimu miaka 23 kisha anapewa u-Sir? Dk. Abdullah Abdurahman, diwani wa Cape Town tangu 1904, aliipinga sheria hiyo waziwazi. Alihangaika na wenzake mpaka shule ya Trafalgar ikafunguliwa 1912, watoto wa machotara wapate sekondari. Kwa hiyo ubaya wa sheria hiyo ulionekana enzi zilezile.

Kijana wa Tanga: Basi hata radiani mumrudishie James Thomson, ndiye aliyeitumia kwenye mtihani Belfast mwaka 1873.

Mwalimu wa Hesabu: 1869 na 1873, ipi inatangulia? Kila mmoja aliifikia kivyake.

Mama Moshi: Belfast umejibu haraka, Mwalimu. Fimbo unazikubali au huzikubali?