Kasha halina mkwaruzo, gitaa limekatika kichwa: watengeneza makasha magumu mnatuuzia nini?

"Kasha halina hata mkwaruzo, kwa hiyo hatuoni kosa la kasha."

Wakuu, hilo ndilo jibu nililopewa baada ya kuwatumia wauzaji picha nne za gitaa langu likiwa limekatika kichwa. Kila nikilisoma damu inanichemka upya, kwa sababu wameandika lalamiko langu lenyewe wakaligeuza kuwa utetezi wao. Kasha zima, gitaa limekufa ndani! Mimi nililinunua ili lipasuke lenyewe, gitaa libaki.

Ilikuwa hivi. Gitaa ni Les Paul, gitaa la umeme la kampuni ya Gibson. Kasha ni la plastiki nyeusi ya ABS, lachi nne, ndani mahameli nzuri ya kupendeza macho. Nililiegemeza ukutani, likateleza, likaanguka kifudifudi, yaani upande wa mfuniko chini. Halikudondoka garini wala halikurushwa na mtu, lilianguka kimo chake lenyewe tu. Nililiinua, nikalipangusa vumbi, nikaendelea na shughuli zangu hadi jioni, maana kwa nje hapakuwa na cha kunitia wasiwasi. Jioni nafungua, nakuta nyuzi zimelegea zote sita na kichwa kimelala kando, kinashikiliwa na nyuzi hizo na kipande chembamba cha mbao. Ufa umeanzia nyuma ya nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi, shingo inapokutana na kichwa), ukapanda kwa mshazari. Walio na magitaa ya aina hii wanaujua ufa huo hata bila picha.

Nilimpelekea fundi wangu wa magitaa. Kabla hata sijamaliza kusimulia akaniuliza, "Lilianguka kifudifudi, siyo?" Akaniambia vichwa vya namna hiyo anavigundisha kila mara, na vingi vinamfikia vikiwa ndani ya kasha gumu lisilo na alama yoyote.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo? Gibson kwa kawaida hukiinamisha kichwa nyuma kwa digrii 17. Kwa kipindi fulani kuanzia katikati ya miaka ya 1960 walipunguza hadi 14, lakini 17 ndiyo iliyozoeleka. Shingo na kichwa vimechongwa kutoka ubao mmoja wa mahogani, kwa hiyo pale kichwa kinapoanza kuinama nyuzinyuzi za mbao zinakatwa mshazari, hazipiti moja kwa moja. Na hapo hapo, nyuma ya nati, mbao imechimbwa tundu la kufikia fimbo ya chuma inayonyoosha shingo. Sehemu iliyo nyembamba kuliko zote ndiyo imepunguzwa mbao zaidi. Halafu weka nyuzi: seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) ikitunwa kawaida inavuta zaidi ya kilo 40 kwa jumla, inakivuta kichwa kuja mbele. Kasha likianguka kifudifudi, gitaa linatoka kwenye malalo yake na kuuangukia mfuniko. Kiwiliwili kinasimama, kichwa chenye vyuma vyake sita vya kutunia kinataka kuendelea na safari, kuelekea mbele kule kule kunakovutwa na nyuzi. Hapo panapochimbwa ndipo panapoachia.

Stratocaster ya Fender tangu 1954 ina kichwa kilichonyooka na shingo, haina mshazari huo, ndiyo maana wenye Strat wengi hawanielewi nikilia. Lakini na nyie msijione mko salama, nitawafikia.

Jambo lenyewe ni hili, na ndilo lililonifanya nifungue uzi: kinachookoa gitaa ni namna lilivyoshikwa ndani. Ganda la nje linazuia kugongwa na kuchomwa, basi. Likiwa gumu kama chuma na ndani kuna nafasi, gitaa linajipiga lenyewe kwenye kuta zake. Na ndani ndiko ambako hakuna mtengenezaji anayetueleza kitu! Soma maelezo ya bidhaa yoyote: lachi ngapi, rangi gani ya mahameli, kuna kisanduku cha kuwekea kapo (kile kibanio cha nyuzi) na mkanda, kuna kufuli. Sponji ya mfuniko ina unene gani? Kimya. Kalio la shingo, yaani pale shingo inapolala, liko umbali gani kutoka kwenye nati? Kimya. Limeundwa kwa gitaa gani hasa? "Linaingia magitaa mengi ya umeme."

Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote. Les Paul ina urefu wa uzi wa milimita 628, Strat 648. Viwiliwili havifanani, unene haufanani, shingo haziungani na mwili mahali pamoja, kichwa kimoja kimeinama na kingine kimenyooka. Kasha lililochongwa ndani ili yaingie yote mawili halikulishika hata moja. Kuingia na kushikwa ni mambo mawili tofauti kabisa. Kwenye kasha langu, Les Paul ilibaki na nafasi ya vidole viwili upande wa mkia, kwa hiyo kila nikilibeba lilikuwa linateleza kwenda na kurudi. Nilikuwa nasikia "tuk" nikipanda ngazi, nikadhani ni kapo kwenye kisanduku. Ilikuwa ni gitaa langu.

Baada ya hapo nilikaa na fundi tukakusanya makasha manne: hilo langu la ABS, la plaiwudi ninalotumia sasa, la chipubodi lililokuja bure na gitaa la mwanafunzi wake, na moja la plastiki nzito ya kusafiria ambalo rafiki yake aliliacha pale. Tukabandua mahameli ya langu (halina dhamana tena, nani anajali) na mengine tukayachungulia bila kuyaharibu.

La chipubodi sitapoteza maneno mengi. Ni unga wa mbao na gundi. Likipata unyevu linavimba, skrubu zinatoka zenyewe, kona zinafumuka. Lisiitwe kasha gumu, ni boksi.

La ABS ndilo lililonishangaza. Ganda hili linatengenezwa kwa kulainisha karatasi ya plastiki kwa moto na kuivuta juu ya umbo kwa pampu ya hewa. Plastiki ikivutwa inakuwa nyembamba, na inavutwa zaidi kwenye kona. Yaani kona, ambazo ndizo zinazopigwa kasha linapoanguka, ndizo nyembamba kuliko sehemu zote! Tulipima langu: katikati ya mfuniko milimita 3, kwenye kona ya chini hazikufika 2. Ukiubonyeza mfuniko kwa kiganja unashuka hadi unagusa nyuzi. Na chini ya mahameli nilikuta nini? Kwenye mfuniko, sponji laini ya unene wa kidole kidogo, imebandikwa kwa gundi sehemu tatu. Usawa wa shingo, hakuna kitu. Mahameli imefunika hewa. Kalio la shingo lilikuwepo, ila ni kipande cha plastiki kilichofunikwa kitambaa, kiko karibu na katikati ya shingo, kwa hiyo upande mzima wa nati na kichwa unaelea. Nilikaa pale nikiangalia ule uwazi nikiwa sina la kusema. Fedha niliyotoa ilienda kwenye ngozi.

Sisemi ABS yote ni mbaya. Yapo makasha ambayo ganda la ABS limegandishwa na sponji nzito ya polyurethane mwili mmoja, na ukingo wake ni wa alumini wenye ulimi na mfereji, mfuniko ukifungwa unakaa ndani ya chini yake na hauwezi kuteleza kando. Hayo ni kitu kingine kabisa. Shida ni kwamba kwenye picha ya dukani yote ni meusi, yote yanang'aa.

La plaiwudi, kwa ganda, ndilo nililolikubali. Tabaka za mbao zimepishanishwa, mfuniko umebinuliwa, na ule mbinuko si urembo: bapa linakunjika, kilichobinuka kinasambaza uzito hadi kwenye kuta. Mimi na uzito wangu nilikaa juu yake, halikulia. Mnaojua makasha ya kahawia yenye mahameli ya waridi ambayo Lifton waliitengenezea Gibson miaka ya 1950, yalikuwa ya mbao, na mengine hadi leo yanafunga na kufunguka. Ila wakuu, ganda zuri halikuzuia uzembe upande wa vyuma. Kasha hili hili la plaiwudi, mwezi wa pili tu, mpini wake uling'oka nikiwa kwenye ngazi. Umefungwa kwa ribiti mbili ndogo, kwa ndani hakuna hata washa. Ribiti imekula mbao mpaka tundu likapanuka, ikachomoka. Kasha lenye gitaa linafika kilo 8 au 9, unalining'iniza kwenye ribiti mbili? Fundi ameweka boliti zinazopita hadi ndani na bamba la chuma kwa nyuma, kazi ya nusu saa. Kiwanda kizima kimeshindwa kazi ya nusu saa!

Lachi nazo. Za kwenye ABS yangu ni bati lililokunjwa na kupakwa rangi ya kromu. Moja ilikuwa imeshapinda na nyingine kulegea hata kabla ya kuanguka. Bawaba ni tatu fupi, wakati lile la kusafiria lina bawaba moja ndefu inayokwenda upande mzima. Angalia na kitu hiki: fungua lachi zote ila uache moja, halafu jaribu kuupindisha mfuniko. Ukicheza, ujue siku ya kuanguka utafunguka.

Lile la kusafiria ndilo pekee ambalo tuligeuza na kutikisa bila kusikia kitu. Plastiki nzito, pete ya mpira kwenye ukingo, lachi zimezama ndani zisigongwe, na sponji imechongwa kwa umbo la gitaa lile lile. Lakini ni zito, kulibeba kila siku ni adhabu. Na tahadhari kuhusu neno ATA mnaloliona limebandikwa kila mahali: ATA Spec 300 (kiwango cha vifungashio cha chama cha mashirika ya ndege ya Marekani) ina kategoria, na Kategoria ya 1 ndiyo inayotaka kasha livumilie safari zisizopungua 100. Neno ATA peke yake, bila kategoria, halikuahidi chochote.

Nimesema wa Strat nitawafikia. Shingo yenu haikatiki kirahisi, lakini angalieni kitufe cha mkanda pale mkiani. Kasha likisimamishwa kwa kishindo, uzito wote wa gitaa unatua kwenye skrubu ile moja, na nimeona mbao iliyopasuka kuizunguka. Pia wenye magitaa yaliyopakwa vanishi ya nitroselulosi, wa aina yoyote: rangi hiyo haipatani na vinaili wala baadhi ya mipira na sponji. Kemikali zinazolainisha vinaili zinahamia kwenye rangi na kuiyeyusha. Kwa hiyo kama kalio la shingo limevalishwa vinaili badala ya kitambaa, usiliache gitaa humo miezi. Na sponji ya zamani inayonata na kumeng'enyeka kama unga, ng'oa yote, usisubiri.

Nimebaki na vipimo viwili nilivyofundishwa na fundi, na ninajuta sikuvijua mapema. Weka ukanda wa karatasi juu ya kalio la shingo, laza gitaa, kisha uvute karatasi. Ikitoka bila kukwama, shingo haijalala popote. Cha pili: kunja kitambaa laini, kiweke juu ya nyuzi usawa wa fret ya tatu hivi (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), funga mfuniko, fungua. Kama kitambaa hakikubanwa hata kidogo, kuna uwazi, na gitaa litauruka uwazi huo siku ya kuanguka. Mimi sasa najaza taulo chini na kando ya kichwa na kitambaa juu ya shingo, vikigusa bila kukandamiza. Nanunua kasha kisha nalimalizia mwenyewe kwa mataulo! Hii siyo sawa hata kidogo.

Wauzaji nimewajibu. Nimewatumia picha ya mfuniko uliobanduliwa, rula ikiwa ndani ya ule uwazi usawa wa shingo, nikawauliza swali moja tu: hapa shingo ilishikwa na nini? Hii ni wiki ya tatu, kimya.

Naomba wadau mfanye kile kipimo cha karatasi na cha kitambaa, mweke hapa aina ya kasha, aina ya gitaa na mlichokikuta. Na kama kuna mtu kasha lake limewahi kuanguka kifudifudi likiwa na gitaa la kichwa kilichoinama na likatoka zima, tafadhali afungue, apige picha ndani ya mfuniko, atuonyeshe usawa wa shingo kuna nini.