Ushauri: kura ya mkataba wa hali bora ni wiki ijayo, kipengele cha kodisheya kinaninyima usingizi

Kiti cha Kulia
Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni rubani msaidizi, nakaa Kipawa, kampuni naomba nisiitaje. Chama chetu kimemaliza majadiliano na mwajiri, wiki ijayo tunapiga kura ya ndiyo au hapana kwa mkataba mpya wa hali bora za kazi, wa miaka minne.

Kwenye mshahara sina neno. Nyongeza inaonekana, posho ya kulala nje imepanda, bima sasa inagusa hadi wazazi. Shida yangu iko kurasa za mwisho, kwenye kodisheya. Kwa msio wa anga: ni pale kampuni mbili zinapouziana viti. Abiria ananunua tiketi yenye namba yetu ya safari, akifika uwanjani anapanda ndege ya wenzetu, inarushwa na rubani wa wenzetu. Rasimu inasema mwajiri akiingia ushirikiano wa namna hiyo "atafanya kila jitihada kulinda ajira za marubani". Basi, imeishia hapo. Hakuna saa za kuruka zilizotajwa wala idadi ya ndege.

Nina deni la chuo cha urubani, na mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Hela naihitaji kweli. Lakini nimekaa kiti cha kulia miaka sita nikisubiri ukapteni, na ukapteni unatokana na ndege tunazorusha wenyewe, hautokani na viti tunavyouza. Nipige kura gani?

Kapteni Ukonga
Mdogo wangu, piga ndiyo. Kodisheya siyo adui. Nimeruka Mwanza jioni nyingi nikiwa na abiria walioshuka Terminal 3 pale Dar kutoka nje kwa tiketi za washirika. Bila hao, safari ile ingefutwa na mimi na wewe tungekosa saa. Kuna miji ya mbali ambayo hatutafika kwa ndege zetu hata miaka kumi ijayo. Acha mwenzetu atuletee watu wake. Mkikataa, majadiliano yanaanza upya na nyongeza inakaa mezani.

Mzee wa Fokker
Kapteni, heshima yako, ila wengine tuna kumbukumbu. Mwaka 2002 South African Airways walichukua asilimia 49 ya Air Tanzania. Tukaambiwa Dar itakuwa kitovu cha Afrika Mashariki. Hadi tiketi zikawa zinaanza na namba 083 ya Waafrika Kusini badala ya 197 yetu. Ndoa ilivunjika 2006, na shirika likaanza kujikusanya upya. Ule ulikuwa ubia wa hisa, najua, ni mzito kuliko kodisheya. Lakini swali ni lilelile: abiria akiuzwa, nani anamrusha? Wenzetu wa Marekani walilijibu kwa tarakimu. Kwenye mashirika makubwa ya kule, mikataba ya marubani inaweka kikomo cha viti 76 kwa ndege za kampuni ndogo zinazoruka kwa jina la shirika kubwa. Kiti cha 77 kinabishaniwa mezani. "Jitihada" utaibishania vipi?

Wakili wa Segerea
Mleta uzi, soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kabla ya Jumatatu. Mkataba ukisainiwa unawabana wote, hata wasio wanachama, ikiwa chama kimetambuliwa kuwa msemaji pekee wa kundi lenu. Na hapa ndipo pa kuangalia sana: huruhusiwi kugoma kwa jambo ambalo mkataba unaokubana umekwisha kulishughulikia. Waongoza ndege wako kwenye orodha ya huduma muhimu, marubani hawamo, kwa hiyo haki ya kugoma mnayo. Lakini sentensi ile moja ya "jitihada" inaweza kutumika kusema kodisheya imeshashughulikiwa, na mkafungwa mikono miaka yote minne. Mtabaki na CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, na mahakama, mkibishana jitihada ni nini. Kipengele kibovu hapo ni hatari kuliko kutokuwa na kipengele kabisa.

Mama Neema
Mimi siyo rubani, mume wangu ndiye. Kampuni aliyokuwepo ilipunguza watu, barua ikaja Ijumaa. Kiinua mgongo cha sheria ni angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa ni kumi tu. Alikuwa na minane. Piga hesabu: siku 56. Mshahara wa msingi, posho hazimo. Tulihama Tabata tukarudi kwa wakwe. Hiyo nyongeza ni tamu, mdogo wangu, lakini muulize mwajiri kwa maandishi ukipunguzwa unaondoka na nini.

Kiti cha Kulia
Mama Neema, poleni sana. Siku 56 nimezisoma mara tatu.

Jumamosi tuna mkutano wa wanachama. Nitaomba kamati irudi kwa mwajiri na barua ya makubaliano ya ziada yenye mambo mawili kabla ya kura: saa zetu za kuruka kwenye njia yenye kodisheya zisishuke chini ya za mwaka huu, na rubani asipunguzwe kazi wakati mshirika anarusha namba yetu. Mshahara usiguswe. Wakikubali napiga ndiyo. Wakikataa napiga hapana, deni litasubiri.

Kapteni Ukonga
Hapo kwenye "jitihada" wakili amenishika, sikuwa nimelitazama hivyo. Ongeza na ndege za kukodi pamoja na marubani wake, maana wanaweza kupitia mlango huo. Nimekutumia ujumbe pembeni, tuiandike Ijumaa usiku nikitoka Mbeya. Nitaiwasilisha nikiwa na wewe, wakongwe wasije wakasema ni kelele za vijana.