Acheni kuisingizia mashine: gemu mbovu za nyumbani zililetwa na ubahili wa mabosi

Wakuu salaam.

Kila ukianzishwa mjadala wa gemu za zamani humu, haupiti ukurasa mmoja kabla mtu hajaleta lile jibu la kukariri: "Mashine za enzi hizo zilikuwa dhaifu, ulitaka wafanyeje?" Jana limerudi tena, safari hii kuitetea Pac-Man ya Atari 2600, mashine ya kuchezea nyumbani kwenye televisheni, ambayo ni nakala mbovu ya gemu ya sarafu, na watu wakalipigia makofi. Mimi nimechoka. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule, ule ni wa kumbukumbu na huu ni wa ugomvi.

Mashine ilikuwa dhaifu, sawa. Hilo hakuna anayebisha. Atari 2600 ilitoka 1977 ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya baiti 128. Si kilobaiti, ni baiti. Aya hii peke yake haiwezi kuingia humo. Haikuwa hata na mahali pa kuweka picha nzima ya skrini, kwa hiyo programu inakimbizana na televisheni, inaandaa kila mstari papo hapo mstari huo unapochorwa. Chipu yake ya picha, TIA, inakupa maumbo mawili ya wachezaji, makombora mawili na mpira mmoja. Basi, mengine jitafutie.

Pac-Man yenyewe ya Namco, ile ya 1980 ya kwenye kabati la sarafu (limashine la kusimama, unatumbukiza sarafu ndiyo unacheza), ina watu watano wa kuchora: Pac-Man anayekula vidonge njiani, na mizimu minne inayomfukuza. Tod Frye, aliyepewa kazi ya kuihamishia 2600, alimpa Pac-Man umbo moja, na lile la pili mizimu yote minne ikalitumia kwa zamu. Televisheni ya Marekani inaonyesha picha 60 kwa sekunde, gawanya kwa nne, kila mzimu unapata 15. Ndiyo maana ile mizimu inapepesa kama taa inayotaka kuungua, na ukiwa mtoto unakabwa na kitu ambacho muda mwingi hukioni. Hapo ndipo wenzangu mnaporukia: "Si unaona? Mashine!"

Sioni chochote. Muda si mrefu baadaye ikatoka Ms. Pac-Man kwa 2600 hiyohiyo. TIA ileile, baiti 128 zilezile, mizimu minne vilevile. Na imetulia! Umbo moja likishamaliza kuchora mzimu wa juu ya skrini, linashushwa likachore wa chini ndani ya picha hiyohiyo, kwa hiyo kupepesa kunabaki pale tu mizimu inapojikuta kwenye usawa mmoja. Njia za kukimbilia ziko za aina kadhaa, matunda yanatembea, rangi zinapendeza. Kilichoongezeka kwenye vifaa ni kimoja: kaseti, ambamo gemu yenyewe inakaa. Pac-Man ilifungiwa ndani ya kilobaiti 4, Ms. Pac-Man ikapewa 8.

Na mtu asije hapa kuniambia kaseti ya kilobaiti 8 ilikuwa haijagunduliwa. Asteroids ya Atari haohao ilitoka 1981 ikiwa na kilobaiti 8, kwa ujanja wa kubadilisha kipande cha kumbukumbu ambacho prosesa inakiona. Mwaka uliotangulia! Yaani njia wanaijua, wameshaitumia, halafu gemu inayosubiriwa na Marekani nzima ndiyo inabanwa. Kaseti ikaingia madukani Machi 1982, na tarehe 3 Aprili wakaitangaza kuwa siku ya kitaifa ya Pac-Man. Hela ya sherehe ilipatikana, mnaona.

Frye simlaumu sana. Fundi ukimpa kitambaa cha shati ukamwambia ashone suti, ukipita barabarani tumbo wazi usimtukane fundi. Tena yeye aliona kucheza watu wawili kwa kupokezana ni lazima kubaki, na ukishakubali hilo inabidi ukumbuke kila mchezaji kala vidonge gani na kabakiza vipi, humohumo kwenye baiti 128. Kuna maamuzi yake hata mimi siyaelewi: njia hazifanani na za mwanzo, mlango wa pembeni umehamia juu na chini, na tunda limekuwa kimstatili ambacho kijitabu chake kinakiita vitamini. Vitamini! Lakini aliyeamua ukubwa wa kaseti na tarehe ya kuuza hakukaa kwenye meza ya kuandika programu.

"Lakini si iliuza?" Iliuza, zaidi ya nakala milioni 7, hakuna kaseti ya 2600 iliyoipita. Watu walinunua jina. Wakafika nyumbani.

Sasa angalia Space Invaders ya Rick Maurer, 1980, mashine ileile na kilobaiti 4 zilezile. Kwenye kabati la sarafu maadui wako 55, Maurer akawaweka 36. Amepunguza, ndiyo! Ila alijua apunguze nini: yule mdundo unaoongeza kasi kadiri wanavyobaki wachache upo, na hofu ya safu inayoshuka ipo. Mauzo ya 2600 yaliongezeka mara nne kwa ajili ya kaseti hiyo moja. Kwa hiyo mimi silii kwamba gemu ya nyumbani haikufanana na ya kabati. Nalia na waliokata nyama wakabakiza mfupa, kisha mkawaombea msamaha nyie.

Twende Japani. Donkey Kong ya 1981 ina hatua nne. Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo ambayo nje ya Japani iliitwa NES, ilipozinduliwa Julai 1983, Nintendo wenyewe, wenye gemu na wenye mashine, walitoa kaseti yenye hatua tatu. Ile ya mikanda inayobeba sinia za saruji haipo. Miaka ikapita, ngano ileile: Famicom haikuweza. Mwaka 2010 Nintendo haohao wakaitoa Donkey Kong ya NES ikiwa na hatua hiyo imerudishwa, wakaiweka ndani ya mashine zao za Wii nyekundu zilizouzwa Ulaya. Kumbe iliwezekana siku zote, ilihitaji kumbukumbu kidogo zaidi kwenye kaseti. Nikikumbuka hilo napandwa na jazba upya.

Double Dragon ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana utamu wake wote ni ndugu wawili kupiga wahuni bega kwa bega. Ya sarafu ilitoka 1987. Ya NES ikaja 1988, imetengenezwa na Technos wenyewe, wenye gemu, na kwenye safari kuu mnacheza mmoja mmoja! Umemshawishi mwenzako aje, anakaa pembeni na padi mkononi anakusubiri ufe. Double Dragon II kwenye NES ileile? Wawili kwa pamoja, raha mstarehe. Nani aliongeza nguvu ya NES katikati ya hizo kaseti mbili? Mnijibu hilo kwanza kabla ya kunitukana.

Capcom nao na Final Fight kwenye Super Nintendo, mashine iliyoifuata NES: mpiganaji Guy ameondolewa, hatua ya kiwandani imeondolewa, kucheza wawili kumeondolewa. Baadaye Japani wakatoa Final Fight Guy, Guy karudi na mwenzake Cody ndiye kaondolewa, lipa tena. Halafu Final Fight 2, mashine ileile, wachezaji wawili bila tatizo. Idadi ya maadui kwenye skrini, hapo nakubali mashine ilikuwa na kikomo chake. Mengine yote ni hesabu ya bei ya chipu, na chipu za kumbukumbu kweli zilikuwa ghali, kampuni inalipia kaseti kabla haijajua kama zitauzika. Semeni hivyo basi. Semeni "walibana gharama". Mbona mnaisemea mashine ambayo haina mdomo?

Mortal Kombat ya 1993 siendi nayo mbali, damu iligeuzwa jasho la kijivu kwenye Super Nintendo kwa sababu ya sera ya kampuni, na mwaka uliofuata Mortal Kombat II ikamwaga damu palepale.

Wengi wetu huku tulizijua gemu hizi kupitia zile Famicom za bandia na kaseti za njano zilizoandikwa gemu 9999, ukihesabu unakuta chache zinajirudia, hii unaanza na bunduki nzuri, ile unaanzia levo ya mbele. Kung Fu, Road Fighter, Circus Charlie, Galaxian, Contra: zote zilianzia kwenye makabati ya sarafu ambayo mitaani kwetu hatukuwahi kuyaona. Na hakuna aliyekaa kibandani akisema Contra imepunguzwa, kwa sababu haikupunguzwa. Ya sarafu ya 1987 ina skrini iliyosimama wima. Konami walipoipeleka NES 1988 hawakuikata ikae, walizipanga hatua upya kwa televisheni ya kulala, wakazirefusha, wakaipa kaseti ya kilobaiti 128. Mpaka leo wapo wengi, nami nimo, wanaoiona ya nyumbani ni bora kuliko mama yake. Na waliocheza ya Famicom ya Japani walipata zaidi: miti inayotikisika, theluji inayodondoka, ramani kati ya hatua, kwa sababu Konami waliweka chipu yao ya VRC2 ndani ya kaseti. Ya Marekani iliuzwa kwenye bodi ya kawaida, vikaondoka.

Mtakuja pia na kaseti mpya za 2600 zinazoandikwa na wapenzi siku hizi. Hapo tuwe waungwana pande zote. Zile za Champ Games, kama Galagon, zina prosesa ya kisasa ya ARM ndani ya kaseti inayoisaidia mashine, kwa hiyo mimi sizitumii kama ushahidi wangu. Lakini wapo walioandika Pac-Man kwa kilobaiti 4 tupu, bila msaada wowote, na inafanana na ya Namco kuliko ile ya 1982. Wameifanya kwa muda wao wa jioni, wakijua mbinu zilizokusanywa kwa miongo kadhaa, hilo nawapa. Frye hakuwa na miongo. Nani alimnyima hata zile kilobaiti 4 za nyongeza?

Kwa hiyo masharti ya kuchangia uzi huu ni haya. Ukija na "mashine ilikuwa dhaifu" taja gemu, taja mashine, taja kaseti ilikuwa na kilobaiti ngapi, kisha uonyeshe kwamba hakuna gemu nyingine kwenye mashine hiyohiyo iliyofanya hicho unachosema hakikuwezekana. Yule wa jana aliyeniandikia "kajifunze kwanza ndiyo uje" naye aje, aanze na Double Dragon.