Kindle ya mtumba, vitabu vilivyorahisishwa au magazeti ya bure?

Kijana_wa_Jinja: Habari za humu wakuu. Nina laki mbili, nataka kuongeza msamiati kwa kusoma tu, bila kukariri orodha. Ninunue Kindle (kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki) ya mtumba, vitabu vya wanafunzi, au nibaki na magazeti ya bure kwenye simu? Jumamosi nashuka Kampala.

Mwl_Arua: Msamiati wa lugha gani? Uko kiwango gani? Hujasema kitu.

Bombo77: Na unasoma mchana au usiku? Kindle nyingi za zamani hazina taa.

Kijana_wa_Jinja: Kifaransa, cha S4 (kidato cha nne). Mizigo yangu inapita Mpondwe, mpakani na Kongo ya Kinshasa. Nasoma usiku.

Mwl_Arua: Basi pima kwanza. Chukua ukurasa wa maneno kama 250, upige mstari chini ya kila usilolijua. Yakiwa matano au pungufu, mengi utayaotea kwa maneno ya jirani. Yakifika 12 utaambulia habari, msamiati hautakaa. Matano kati ya 250 maana yake unajua asilimia 98 ya maneno, na kiwango hicho kilitokana na utafiti wa wanaisimu Hu na Nation wa mwaka 2000. Tena neno lililopita mara moja husahaulika. Lirudi mara kumi hivi. Ndiyo sababu mimi ni wa vitabu vilivyorahisishwa: mwandishi amefungwa na orodha, hivyo maneno yanajirudia. Nunua vinne vya daraja moja, usichanganye madaraja.

Dada_Mpondwe: Mwalimu, vitabu vyenyewe vyembamba, jioni mbili vimekwisha na hela imekwenda! Gazeti nalo lina ujanja wake: shika habari moja, tuseme bei ya mafuta, uifuate wiki mbili. Msamiati wake utarudi tu.

Bombo77: Kuhusu Kindle, angalia mambo mawili. Akaunti ya mwenye wa kwanza iwe imeondolewa, na uisajili kwa jina lako hapohapo dukani. Iliyoripotiwa kuibwa inaweza kukataa. La pili ni riwaya. Zimejaa wakati uliopita wa maandishi, ambao sokoni huusikii. Ukigusa «il vit», kamusi inaweza kukupa «anaishi» wakati mwandishi anasema «aliona». Msomaji anaendelea na maana mbovu kurasa nzima, na kwa kuwa sentensi bado inaelekea kueleweka, hashtuki.

Mwl_Arua: Hapo umesema. Ila kamusi si adui. Otea kwanza, kisha gusa uhakikishe.

Dada_Mpondwe: Na daftari je? Mimi nasema aandike.

Mwl_Arua: Akisimama kila mstari kuandika, hiyo si kusoma tena. Atie alama, aandike akimaliza sura.

Dada_Mpondwe: Sawa, lakini vitabu vya Ufaransa havitamwambia kwamba Wakongo 70 wanasema «septante» na 90 «nonante». Mfanyabiashara akikosa hapo analia.

Kijana_wa_Jinja: Kumbe! Na 80 dada?

Dada_Mpondwe: «Quatre-vingts», kama Ufaransa. Unabeba mizigo gani lakini?