Miaka 54, mguu mmoja wa bandia, nataka kushindana baiskeli. Naombeni ushauri

Ngosha wa Shy: Wakuu, habari za jioni. Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya kugongwa na lori. Baiskeli sijaiacha, mara tatu kwa wiki natoka Shinyanga mjini hadi Tinde na kurudi. Sasa nataka mashindano. Tatizo, kila goti likipanda, ukingo wa nyuma wa mguu wa bandia unanikata kwenye mkunjo. Jana nimevua soksi ina damu. Nimepandisha siti, bado. Halafu vijana wananiambia umri umeenda. Nimechelewa kweli?

FundiCheni: Shikamoo mzee. Siti ishushe, utaumiza nyonga maana mguu wa kushoto ulio mzima unalazimika kuifuata pedali chini. Dawa ni kranki, ule mkono unaoshika pedali. Nyingi zina milimita 170. Upande wa bandia funga ya 150 hivi, goti halitakunjwa sana. Na pedali ikae katikati ya wayo, si vidoleni, kwa sababu kifundo cha bandia hakikusaidii kusukuma.

Ngosha wa Shy: Marahaba. Hiyo fupi naipata wapi?

FundiCheni: Angalia za baiskeli ndogo za gia, mradi tundu lake likubali ekseli yako. Nenda nayo dukani ukaijaribishe.

Dada wa Viungo: Kaka, mimi kazi yangu ni viungo bandia. Damu si ya kuvumilia hata siku moja. Usipande mpaka ngozi ifunge, kisha rudi kwa waliokutengenezea mguu wakupunguzie ule ukingo. Tafadhali pima na sukari. Kwa umri wetu, kidonda kwenye kigutu na sukari juu, unaweza kukatwa tena.

MbioNdefu: Kuhusu umri, Keiko Sugiura, mwendesha baiskeli wa Japani, aliumia ubongo kwenye ajali ya mashindano mwaka 2016. Paralimpiki ya Tokyo, 2021, akachukua dhahabu mbili za barabarani na miaka 50. Paris 2024 akachukua nyingine, ana 53! Madaraja ya baiskeli, C1 hadi C5, hupangwa kwa uzito wa ulemavu, C1 ndiyo mzito zaidi. Miaka yako haimo humo, mzee wangu.

Ngosha wa Shy: Nimesoma hiyo ya Keiko mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Siti nimeishusha. Tinde nimeisimamisha, Jumatatu naenda kupima sukari.