Miezi 7 tangu nipasuliwe: kovu limefunga, ndani bado panauma na uzito unapanda

Mama_wa_Kadutu
Jambo kwenu wamama. Nina miaka 29, mtoto wa kwanza nilizaa kawaida. Huyu wa pili alitanguliza matako, wakanipasua. Leo ana miezi 7, ananyonya vizuri, Mungu asifiwe. Mimi ndiye sijapona.

Kwa macho kovu ni zuri. Lakini nikiinuka kitandani, nikikohoa au nikiinama kufua, upande wa kulia unavuta kama uzi uliokazwa ndani. Ngozi ya juu yake imekufa ganzi. Nikipitisha kidole ni kama nagusa mwili wa mtu mwingine.

Halafu uzito. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 61. Juzi nilipompeleka mtoto kupimwa, na mimi nikapanda kwenye mizani ya wakubwa: 78. Mama mkwe alinitunza sana siku za uzazi, uji asubuhi, bugali na supu mchana, bugali tena usiku, na kasiksi, pombe ya ndizi, ya kuongeza maziwa. Karibu miezi miwili sikutoka nje. Sasa nafunga kikwembe tumboni, nakikaza hadi pumzi inakata, na tumbo liko palepale. Nguo zangu za zamani nimezifungia sandukuni, sitaki kuziona. Nimeanza kulala bila kula na maziwa yamepungua. Nifanye nini?

Yaya_Nguba
Pole sana mdogo wangu. Mimi nimepasuliwa mara tatu. Kwanza acha kulala njaa, hayo maziwa ndiyo yanakuambia. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya mwingine, ila si bugali zaidi. Punguza tonge, ongeza lengalenga (mchicha), maharagwe, sambaza, wale samaki wadogo. Kasiksi acha kabisa: haiongezi maziwa, na pombe inapita humo humo hadi kwa mtoto. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha.

Kikwembe kilinisaidia wiki za mwanzo, kwa kushikilia tu ninaposimama. Mafuta hakiyayeyushi. Ukikikaza hivyo unasukuma kila kitu kwenda chini, unaweza kuja kushindwa hata kuzuia mkojo.

Na usiinuke kitandani kwa kujivuta mbele. Geuka ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Ganzi isikutishe, yangu ilikaa zaidi ya mwaka.

Mkunga_Bagira
Mama, kabla ya habari ya kilo nijibu haya. Una homa? Kovu linatoa maji au usaha? Uchafu wa ukeni unanuka? Mguu mmoja umevimba? Maumivu yanakuja na siku zako? Ukisimama ukakohoa, kuna kitu kinatokeza? Na unabeba nini kila siku?

Nauliza hilo la mwisho kwa sababu ngozi inafunga kwa wiki chache, lakini chini yake kuna utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, na huo unachukua miezi kupata nguvu. Watu wanaangalia kovu, wanasema amepona.

Mama_wa_Kadutu
Homa sina, usaha hakuna, miguu ni mizima. Siku zangu hazijarudi. Kubeba: maji kwetu yanakatika, kwa hiyo tangu miezi miwili napandisha bidoni ya lita 20 kwenye ngazi, mara mbili kwa siku. Na ndiyo, nikikohoa kuna kitu kama yai la kuku kinatokea juu kidogo ya kovu. Nikilala kinapotea. Nilidhani ni mafuta.

Mkunga_Bagira
Mafuta hayapotei ukilala. Inaweza kuwa henia: utando umeachia na utumbo unachungulia. Siwezi kusema zaidi bila kukushika, nenda kwa daktari wiki hii. Bidoni iache leo. Usikubali mtu akukande kwa maji ya moto wala kukisukuma hicho kitu. Mazoezi ya kuinua kichwa na kifua ukiwa chali, usiyafanye, tembea tu. Kwa maumivu, parasetamoli haimdhuru mtoto anayenyonya, usizidishe kipimo tu. Kile kitu kikiwa kigumu, kikakataa kurudi, ukatapika: hospitali saa ileile, hata usiku.

Dada_Muhungu
Siku zako zikirudi, andika tarehe za maumivu. Mimi uvimbe ulikuwa ndani ya kovu lenyewe, na ulivimba kila mwezi na hedhi. Miaka miwili nilipaka mafuta ya kila aina. Kumbe ni nyama ya ndani ya mfuko wa uzazi iliyoshika kwenye kovu wakati wa upasuaji. Waliitoa, nikapona.

Baba_mapacha
Shemeji, mumeo anajua? Mimi sikujua kitu mpaka mke wangu aliposhika mkono wangu akauweka juu ya kovu, akakohoa. Tangu siku hiyo maji nabeba mimi.

Mama_wa_Kadutu
Narudi baada ya wiki tano. Nilifanya kama Baba_mapacha alivyosema, mume wangu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanipeleka mwenyewe. Daktari alinisimamisha, akaniambia nikohoe, halafu ekografi, kile kipimo cha kuonyesha ndani ya tumbo. Ni henia, bado ndogo. Itashonwa, ila kwanza nipunguze uzito ili mshono ushike. Bidoni anapandisha mdogo wa mume wangu. Nakula mara tatu, tonge dogo, maziwa yamerudi. Natembea kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Nina kilo 76.

Mkunga, swali moja: mtoto sasa ana kilo 8. Naweza kumbeba mgongoni?

Mkunga_Bagira
Hongera mama. Njia tambarare, muda mfupi, maadamu hapavuti. Kwenye ngazi mpe baba yake. Na siku ya kurudi kwa daktari muulize swali hilo hilo, yeye ndiye aliyeona ukubwa wa hilo tundu.